Somo: Kupanga picha za mashuhuda kwa mfuatano wa wakati

Leo tunasoma kwa tukio la Boston, Marekani, Aprili 15, 2013, mabomu mawili yalipolipuka karibu na mstari wa kumalizia marathoni. Mazoezi tutafanya kwa picha za mbio za punda hapa Lamu, maana hizo mtu huzikodolea macho bila kukosa usingizi.

Hatua ya kwanza: omba faili lenyewe kutoka kwa aliyepiga. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imeshavuliwa tarehe na saa yake ya ndani.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe: tafuta nanga. Saa za kamera hudanganya. Nyingine hazijarekebishwa tangu zitoke dukani. Basi shika jambo moja walilolinasa wengi. Boston palikuwa na saa kubwa ya mbio. Bomu la kwanza lilipolipuka, ilisomeka 4:09:43. Asiyejua angedhani ni saa kumi alasiri. Kumbe ilikuwa ikihesabu tangu kundi la tatu la wakimbiaji lilipoachiwa, saa nne na dakika 40 asubuhi. Jumlisha: saa nane, dakika 49 na sekunde 43 mchana. La pili lilifuata baada ya sekunde kama 12. Kamera yoyote iliyonasa mlipuko ule sasa unajua imekosea kwa kiasi gani, na picha zake zote unazisogeza kwa kiasi hicho hicho. (Kamera huandika 14:49, sisi twasema saa nane. Chagueni moja kwenye jedwali, msichanganye.)

Hatua ya tatu: linganisha vitu. Mkoba upo, mkoba haupo. Uzio umesimama, umelala. Hapo huhitaji saa kujua ipi imetangulia. Kisha tia kwenye ramani kila mpigaji aliposimama.

Nyuso mwachie mpelelezi. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa picha za washukiwa wawili Aprili 18, na bado watu mtandaoni waliendelea kuwatwika lawama vijana wasiohusika.

Maswali ya wanachama

— Maalim, video yangu haionyeshi mlipuko, kishindo tu. Yafaa kuwa nanga?
Yafaa, ila sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 680 huchelewa sekunde mbili. Pima umbali kwanza, uzipunguze.

— Niko Malindi. Kivuli cha Mnara wa Vasco da Gama chaweza kunipa saa?
Asubuhi na alasiri, ndiyo, ukiijua tarehe. Adhuhuri usikitegemee: pwani yetu huwa kifupi mno, Juni kikielekea kusini, Desemba kaskazini.

— Na maji kwenye ngazi za gati ya Lamu?
Swali zuri kuliko yote. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na jedwali la maji lipo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupanda ngazi upesi, utakadiria vizuri. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, usihangaike, tafuta nanga nyingine.