Namna ya Kuzijibu Fikra za Zama za Mwangaza kwa Kitambaa na Nta ya Tabora

Msanii wa Tabora anayetaka kuzijibu fikra za Zama za Mwangaza, yaani karne ya 18 ambapo wanafikra wa Ulaya na Marekani waliitukuza akili na haki za binadamu, achague kwanza sentensi moja tu ya zama hizo, kisha aitafutie jambo la mji wake linaloweza kuipima. Sentensi pana mno, kama ile ya kusifu akili ya binadamu kwa ujumla, huishia kuwa bango la darasani. Inayofaa ni yenye ahadi inayokaguliwa, na mfano mzuri ni Tamko la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 linalosema kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Historia ya Tabora ina vipimo vya kutosha. Mwezi Januari 1958, TANU ilikutana mjini hapa kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sanduku la mninga lenye matundu matatu, likiwa na sentensi ile ya 1776 mbele yake, lingekuwa kazi kamili. Hata hivyo, mimi ningechagua njia ya misafara ya biashara ya karne ya 19, kwa kuwa inampa msanii wazo pamoja na malighafi yake.

Malighafi hiyo ni merikani, au amerikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, pamba ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini mwa nchi hiyohiyo iliyotangaza usawa, kisha kitambaa kikapitia Zanzibar hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ambako kilitumika kama fedha ya kununulia pembe za ndovu na kulipia wapagazi. Hoja yote imo ndani ya uzi wenyewe, na msanii ana kazi ya kuifanya ionekane.

Kabla ya kushika brashi, ni vyema kujua waliotangulia. Mwaka 1992, katika jumba la makumbusho mjini Baltimore, msanii wa Marekani Fred Wilson aliweka pingu za watumwa katika kabati moja na vyombo vya fedha vya mezani, bila hotuba yoyote. Yinka Shonibare naye, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2008, aliwachonga wanafikra wa zama hizo, mwanafalsafa Mjerumani Kant akiwemo, wakiwa hawana vichwa na wamevaa vitambaa vya aina ya kitenge. Kumvika Kant kitenge tena ni kurudia lililokwisha kusemwa. Cha kuiga ni ile subira ya Wilson ya kuviacha vitu viwili vikabiliane.

Nunua amerikani ya pamba tupu isiyopaushwa, uifue kwa maji ya moto na sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, kisha uiwambe kwenye fremu na uandike maneno yako kwa penseli, herufi zisiwe nyembamba kuliko kidole. Tabora ni nchi ya asali, kwa hiyo nta haisumbui kupatikana. Changanya mafungu mawili ya nta ya nyuki na fungu moja la mshumaa, uyeyushe katika sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya kubwa yenye maji, wala usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto, kwani huwaka. Jaribu kwenye kipande cha pembeni: nta ikipenya, upande wa pili wa kitambaa huonekana kama umelowa, ikiganda juu na kubaki nyeupe, bado haijapata joto na rangi itapita chini yake. Ukishazijaza herufi, zamisha kitambaa katika rangi ya baridi ya buluu iliyoiva, buluu ya kaniki, kitambaa cheusi-buluu ambacho nacho kilibebwa na misafara. Kianike kivulini, kisha ukipige pasi katikati ya magazeti hadi nta iishe. Herufi zitabaki na weupe wa merikani.

Usikitundike kama pazia. Kifunge mzigo pamoja na amerikani nyingine hadi mizani ya sokoni ionyeshe kilo 30 hivi, uzito ambao mpagazi alikuwa akiubeba, na uache ncha yenye maandishi ining'inie nje. Mtazamaji aruhusiwe kuuinua begani.

Ukitaka kuonyesha kazi yako Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kwenye tembe alikokaa mvumbuzi na mmisionari David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, anza kwa afisa utamaduni wa manispaa, uulize pia taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kuta za mahali hapo zinalindwa kisheria, hivyo usipigilie hata msumari. Maelezo ya ukutani yawe mafupi, yakitaja pamba ilikotoka na mwaka wa Tamko, na yasiwachanganye wapagazi wa Kinyamwezi waliokodiwa kwa ujira na watu waliopitishwa njia hiyohiyo wakiwa watumwa, kwa maana kosa hilo wazee wa Tabora wataliona kabla hawajautazama mzigo.