Namna ya kukaa na Mungu kwenye Neno asubuhi, ukianza na Marko

Wengi ninaosoma nao Neno hapa Uyole, Mbeya, wanaijua Biblia. Ukianza Yohana 3:16 wanakumalizia. Ugumu unakuja pale mtu anapotakiwa kukaa na Mungu mwenyewe, bila mchungaji wala kwaya. Sisi tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta saa isiyogombaniwa. Kwa mama anayeuza sokoni Mwanjelwa ni kabla hajawasha moto. Juni na Julai, kwa baridi yetu hii, usijidanganye kwamba utapiga magoti sakafuni alfajiri. Jifunge blanketi, kaa kitandani, ila kaa wima. Tumia Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni nzuri, lakini humo humo kuna magrupu ya WhatsApp.

Hatua ya 2: Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 na habari zake zinakwenda mbio. Wanaoanza na kitabu cha Mwanzo ili wamalize Biblia kwa mwaka, wengi hukwama kwenye kitabu cha Walawi. Na ile ya kufumba macho ukafungua popote, mimi siikubali. Nani husoma barua ya baba yake hivyo?

Hatua ya 3: Omba kwa kifupi. "Bwana, sema nami" inatosha.

Hatua ya 4: Soma kipande kidogo, kwa sauti, mara mbili. Tuchukue Marko 4:35-41, Yesu na wanafunzi wake wakivuka bahari kwa chombo, dhoruba ikawapiga. Mara ya kwanza fuata habari tu. Mara ya pili simama kila panapokushangaza, na kama nyumbani kuna Biblia ya Kinyakyusa na ndiyo lugha yako, isome kwa hiyo.

Mtu wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hahitaji kuelezwa upepo wa ziwa. Bahari ya Galilaya nayo ni ziwa lililozungukwa na milima, na upepo hushuka ghafla. Humo chomboni wamo wavuvi wa kazi, na bado wameogopa. Yesu amelala, kichwa juu ya mto wa kulalia. Mathayo na Luka wanaisimulia habari hii, lakini mto anautaja Marko peke yake. Kaa hapo kidogo, mtazame alivyolala. Kisha sikia wanavyomwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hakuna adabu ya ibada hapo, ni lawama tupu. Naye hakuwatupa majini.

Hatua ya 5: Mjibu. Hapa ndipo wengi hufunga Biblia na kukimbilia maombi waliyoyazoea. Ngoja kwanza. Sema lililokukaa kooni: "Bwana, ada ya mtoto haijapatikana, mbolea sina, na Wewe umelala." Sema hivyo hivyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini, na imo kwenye Biblia. Ukimaliza, rudi mstari wa 40: "Mbona mmekuwa waoga?" Sasa anakuuliza wewe. Mpe jibu la kweli, hata kama ni la aibu. Halafu nyamaza, usome mstari wa 41. Bahari imetulia, na ndipo wanafunzi wanaingiwa na hofu kuu. Mimi huwa sipiti hapo haraka.

Hatua ya 6: Pima. Ukidhani umeambiwa umchukie wifi yako, au utume pesa kwa mtumishi anayeuza mafuta ya upako, hapo ulipolisikia si kwenye Marko. Linganisha na Maandiko mengine, umuulize na mzee wa kanisa unayemwamini.

Hatua ya 7: Andika daftarini tarehe, mstari, na ulichomwambia. Siku ambayo hukusikia kitu andika "leo kimya", uende shambani. Usijikamue machozi.

Kipande kinachofuata ni 5:1-20. Ni kirefu, kwa hiyo ishia mstari wa 13, nguruwe wanapozama, na keshokutwa uendelee na wachungaji wao wanavyokimbia.