Jinsi ya kupima kichwa cha risasi kabla ya kumfuata nyati

Kiswahili kinatumia neno risasi kwa vitu viwili: madini laini ya kijivu, na kile kinachotoka mtutuni. Hapo zamani havikuwa na tofauti kubwa. Leo vipo vichwa vya shaba tupu ambavyo havina hata chembe ya madini hayo, kwa hiyo tutenganishe maneno mapema. Hapa risasi ni kitu kizima: ganda, fataki inayoiwasha baruti, baruti yenyewe na kichwa. Kichwa ndicho kinachoruka na kumfikia mnyama, nacho ndicho tunachokipima.

Mwongozo huu ni wa mwindaji mwenye leseni, na wa anayejifunza kazi ya mwindaji bingwa, katika vitalu vya Tanzania ambako uwindaji unasimamiwa na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mfano tutakaoutumia ni nyati, na bunduki ni ya risasi ya .375 H&H Magnum (kipenyo cha kichwa ni inchi 0.375, na herufi ni za kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza), iliyotoka mwaka 1912 na bado iko mikononi mwa wengi.

Kichwa kinadaiwa nini

Risasi ya kawaida ya .375 H&H hubeba kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, kinachotoka mdomoni mwa mtutu kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Nyati dume aliyekomaa huwa na kilo 600 na zaidi. Akisimama ubavu, kichwa kinapaswa kupita ngozi nene, misuli ya bega, pengine na mfupa wenyewe, kisha mapafu yote mawili. Hiyo ni karibu nusu mita ya safari. Akisimama mshazari, safari inarefuka.

Ugumu ni kwamba tunakidai kichwa mambo mawili yanayopingana. Tunataka kichanue kama uyoga ili kikate njia pana, na tunataka kipenye hadi upande wa pili. Kichwa cha kipenyo cha milimita 9.5 kikichanua hadi 19, uso wake unakuwa mara nne ya ule wa mwanzo, na kila kinachokutana nao kinaurudisha nyuma. Kuchanua kupita kiasi si sifa njema. Kwa nyati, kipenyo cha mwisho cha milimita 15 hadi 19 kinatosha kabisa.

Bei haisemi kila kitu. Kila kichwa kina kasi ya juu na ya chini ambamo kimetengenezwa kufanya kazi, na lawama nyingi za "risasi mbovu" zinahusu kichwa kilichotumiwa nje ya mipaka hiyo. Ukikitoa kichwa kile kile cha .375 kwa mita 890 kwa sekunde badala ya 770, kama zinavyofanya baadhi ya magnamu kubwa, yaani risasi zenye baruti nyingi zaidi, nguvu inaongezeka kwa karibu theluthi moja. Kichwa kilichotulia kwenye H&H kinaweza kupasuka vipande begani. Upande wa pili, vichwa vingi vya shaba tupu huhitaji walau mita 550 kwa sekunde ili vifunguke vizuri. Kwa nyati, anayepigwa mita 30 hadi 80, hilo si tatizo. Kwa pofu aliye mbali mbugani, linaweza kuwa.

Aina zake, na kila moja huharibika vipi

Kichwa cha kawaida, yaani gamba la shaba lililojazwa madini ya risasi bila kuunganishwa, hufa kwa kuachana: kiini huchomoka, gamba hubaki tupu ndani ya bega. Usikipeleke kwa nyati.

John Nosler wa Marekani alipata shida ya namna hii alipokuwa akiwinda moose, mnyama mkubwa wa nchi za baridi mwenye pembe pana, huko Kanada mwaka 1946, ndipo akabuni Partition, iliyoanza kuuzwa 1948. Ndani yake mna ukuta wa shaba unaogawa kiini sehemu mbili. Sehemu ya mbele huchanua, na mara nyingi humomonyoka. Ya nyuma hubaki nzima na kuendelea na safari. Ukiiokota na kuikuta na theluthi mbili tu za uzito wake, usiiite mbovu, kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa.

Vichwa vilivyounganishwa, ambavyo kiini kimeshikamanishwa na gamba, havipotezi uzito mwingi. Swift A-Frame ina ukuta na muunganisho vyote viwili, na kwa maoni yetu ni kati ya vichwa vya kuchanua vinavyosamehe makosa mengi kwa nyati. Ikigonga mfupa, mara nyingi hubaki na zaidi ya asilimia 90 ya uzito.

Shaba tupu, kama Barnes TSX, hufunguka petali nne. Kasoro zake ni mbili: petali kukatika kwenye mfupa, jambo ambalo halizuii kupenya, na tundu la mbele kuziba au kubonyea na kichwa kupita bila kufunguka. Kabla ya kuondoka kambini, kagua tundu la kila kichwa kwa jicho. Lililobonyea kwa kugongwa magazinini, litenge kwa mazoezi.

Mwisho ni vichwa vigumu visivyochanua. Chagua vyenye pua bapa. Pua ya duara hupinda njia kwa urahisi zaidi ndani ya mwili. Bapa hushika mstari.

Jaribio la magazeti

Hili hufanywa kwenye uwanja halali wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma. Loweka magazeti usiku kucha, yachuje nusu saa, kisha yapange kwenye kreti la mbao yabanane mpaka unene ufike mita moja. Funga kwa kamba. Mbele yake weka mfupa wa bega la ng'ombe kutoka buchani, ukiwa bado na nyama. Bila mfupa, karibu kila kichwa cha bei kubwa kitaonekana bora.

Piga ukiwa mita 50. Risasi tatu za kila aina, kila tundu likiwa mbali na jingine kwa sentimita 15 au zaidi, kwa sababu magazeti yaliyokwisha kupasuka yanadanganya. Badilisha mfupa kila unapovunjika.

Fungua tabaka kwa tabaka. Andika kina, andika kama njia imenyooka au imepinda, kisha toa kichwa ukioshe na kukausha. Kipime kwa mizani ya sonara inayosoma hadi desimali moja ya gramu. Gawa uzito uliobaki kwa uzito wa mwanzo: gramu 17.5 kwa 19.4 ni asilimia 90. Pima kipenyo pande mbili zinazokatana, kisha chukua wastani.

Magazeti mabichi ni magumu kuliko nyama, hivyo kina cha sentimita 60 hapa hakimaanishi sentimita 60 kwa nyati. Matokeo ni ya kulinganisha kichwa na kichwa. Kanuni tunayoishika ni kali: kati ya vitatu, kimoja kikiachana na kiini chake, aina hiyo haiendi porini. Tofauti kubwa ya kina kati ya vitatu inatutia wasiwasi kuliko kina kifupi kilicho sawasawa, maana cha pili unaweza kukipangia.

Bunduki yako inasemaje

Vichwa viwili vyenye uzito mmoja vinaweza kugonga mahali tofauti. Piga vya kuchanua na vigumu kwenye shabaha moja, mita 50, risasi tatu tatu. Vikitofautiana zaidi ya sentimita 5, badilisha kimojawapo. Kabla ya kuhamia shaba tupu, safisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kijani au buluu. Mabaki ya gamba la awali huharibu usahihi.

Kisha jaza magazini na uzipitishe zote chemba kwa haraka, mdomo ukielekea tutani. Pua bapa hukwama kwenye baadhi ya bunduki, na ni heri igundulike hapa kuliko vichakani.

Nunua risasi za toleo moja la kiwanda kwa pamoja. Maboksi mawili ya 20 ya kuchanua na moja la vigumu yanatosha majaribio na msafara mmoja.

Anayejaza risasi mwenyewe, mahali sheria inaporuhusu, akumbuke kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, gramu 8.9 dhidi ya 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Kichwa cha shaba cha uzito ule ule ni kirefu zaidi, hula nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo. Usihamishe kipimo cha kichwa kingine. Anza na kipimo cha chini cha mtengenezaji wa kichwa hicho, na ubane mdomo wa ganda vizuri kwenye mfereji unaozunguka kichwa, kwa sababu teke la bunduki hizi husukuma vichwa vilivyobaki magazinini viingie ndani ya maganda.

Porini

Usiache risasi juu ya dashibodi ya gari. Joto hupandisha shinikizo la baruti, na dalili ya kwanza ni bolti ngumu kufunguka, wakati ambao hutaki iwe ngumu. Zibebe mkandani, kivulini.

Chembani weka ya kuchanua, chini yake vigumu. Risasi ya kwanza hupigwa nyati akiwa ametulia, mara nyingi ndani ya kundi. Kigumu kinaweza kumpita na kumjeruhi aliye nyuma. Hata ya kuchanua, subiri mpaka nyuma yake pawe wazi. Risasi zinazofuata hupigwa akikimbia, mgongo kwako, na hapo kichwa hulazimika kupita tumbo lililojaa nyasi mbichi, linalosimamisha vichwa laini kama yale magazeti yako. Kwa risasi ya kwanza, akisimama ubavu, lenga theluthi ya chini ya mwili, usawa wa mguu wa mbele. Moyo wa nyati uko chini kuliko wengi wanavyodhani. Tawi likiwa njiani, usipige. Hakuna kichwa, laini wala kigumu, kinachoaminika kushika mstari baada ya kugusa mti.

Wachunaji waambiwe mapema wapapase chini ya ngozi ya upande wa mbali, ambako vichwa hunaswa. Osha, pima, tia kwenye bahasha, na juu yake andika umbali, mshazari, mfupa uliovunjika na hatua alizokwenda kabla ya kuanguka.