Somo: Chomeka nondo kabla ya kupanda mti kwenye nyasi za mlimani

Kila mvua zikianza naona picha za watu wamepandisha miche kwenye kilima cha nyasi tupu, eti wanarudisha msitu. Kenya peke yake ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwa hiyo vilima vingi vitatembelewa. Lakini je, hapo msitu uliwahi kuwepo? Mara nyingi jibu liko chini ya kiatu, na kulipata hakuhitaji maabara.

Mfano wangu ni Chyulu, kusini mashariki mwa Kenya, kati ya Tsavo na Amboseli. Ni safu ya volkano changa, kilele chake mita 2,188. Migongoni ni nyasi. Msitu umejibanza mabondeni na ndani ya mashimo ya volkano. Mvua ni ileile, ukungu uleule. Kinachotofautiana zaidi ni udongo na moto.

Vifaa: nondo nyembamba ya mita moja, nyundo, futi kamba, kamba ya katani ya mita 20, vigingi vinne, daftari.

Hatua ya 1: Tandaza kamba. Ianzie kwenye mwamba ulio wazi, iishie penye nyasi ndefu. Usichague mahali pazuri pa kupiga picha. Unatafuta mpaka, pale mimea inapobadilika.

Hatua ya 2: Piga nondo kila mita. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Nondo ikifika kwenye mwamba hutoa mlio mkali na kurudisha mkono. Ikigonga jiwe lililolala ndani ya udongo, mlio ni butu. Ukisikia butu, sogea kidogo upige tena. Kila kituo piga mara tatu, andika namba ya katikati kwa sentimita.

Kwa nini sentimita zina uzito hivyo? Sentimita moja ya udongo wa kawaida huhifadhi kati ya milimita 1 na 2 za maji ambayo mmea unaweza kuyanywa. Udongo wa sentimita 10 basi una milimita 10 hadi 20. Jua na upepo wa mlimani, pamoja na mimea yenyewe, huondoa milimita 4 au 5 kwa siku. Piga hesabu: siku mbili hadi tano baada ya mvua, akiba imekwisha. Mche wa mti uliotoka kitaluni hauna namna ya kungoja mvua nyingine wiki tatu. Nyasi zinayo.

Mvua inayozidi akiba hiyo haipotei. Chyulu haina mto wa kudumu kwa sababu maji huzama kwenye majivu na mawe ya volkano, yakaibukia mbali, kwenye chemchemi za Mzima, ambako bomba huyapeleka Mombasa.

Hatua ya 3: Andika maumbo, majina baadaye. Funga vigingi vinne vifanye mraba wa mita moja kila mahali kina kinapobadilika. Juu ya mwamba mtupu utakuta likeni, ule utando mkavu unaoshikamana na jiwe. Penye sentimita chache, kwenye miamba mingi ya nyanda za juu, tafuta Craterostigma, mmea mdogo wenye majani yaliyolala chini na maua ya zambarau. Kiangazi hukauka kabisa, ukiufinya unavunjika. Mvua ikinyesha, kesho yake ni kijani. Mimi huuhesabu kuwa kipimo bora kuliko nondo yenyewe: ukiuona, achana na habari ya miti. Kina kikiongezeka huja mimea ya porini yenye mashina au mizizi minene ardhini, mfano wa vitunguu na viazi, kisha nyasi za mashada kama Themeda triandra. Ukikuta kichaka peke yake katikati ya nyasi fupi, piga nondo shinani. Huenda mzizi umepata ufa.

Hatua ya 4: Soma moto na mifugo. Tafuta mashina yaliyoungua na nyasi zilizokatwa na meno. Themeda ikikaa miaka mingi bila kuchomwa wala kulishwa hujisonga kwa majani yake makavu. Kwa hiyo usiandike "uharibifu" kila uonapo jivu.

Hatua ya 5: Chora. Kina chini, mimea juu, kwenye ukurasa mmoja.

Maswali ya wanachama

Mkuu, wazee wetu wanasema kilima chetu kilikuwa msitu. Nitajuaje?
Wazee wasikilizwe kwanza. Kisha tafuta visiki na udongo wenye kina. Msitu ukifyekwa, mara nyingi huacha kangaga na magugu ya aina chache. Nyasi za kale zina aina nyingi ndani ya mraba mmoja, na nyingi zina vitunguu au viazi chini.

Nikichimba shimo kubwa nikatia samadi, mti si utaota?
Utaota, ndugu yangu. Umeupa chungu. Mizizi ikifika ukingoni mwa shimo ndipo shida inaanza, na upepo wa mlimani unaujua mti usio na nanga. Hata pale unapostawi kuna gharama: Cathedral Peak, kwenye milima ya Drakensberg Afrika Kusini, misonobari ilipandwa kwenye mabonde ya nyasi na vijito vikapungua maji.

Mimi niko Makete, kusini mwa Tanzania. Kitulo udongo ni mweusi na una kina, nondo inazama yote. Mbona hakuna miti?
Umenibana vizuri. Kina kifupi ni sababu moja tu. Kitulo iko karibu mita 2,600: kuna jalidi (umande unaoganda) ya alfajiri, moto, na sehemu zinazotuama maji. Huko nondo haitoshi. Ila udongo kuwa na kina si sababu ya kupanda miti huko. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake ya okidi tayari yana mzigo wa kuchimbwa viazi vyake vya ardhini, vinavyouzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda.

Naweza kung'oa hiyo Craterostigma nikaipande nyumbani?
Hapana, dada. Piga picha.

Niende lini?
Wiki ya kwanza au ya pili baada ya mvua kuanza, mimea ikiwa imefunguka na nyasi hazijaficha mwamba. Chyulu sehemu kubwa ni hifadhi, hivyo omba kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kabla ya kuingia na nondo na nyundo.