Tonado sio kisulisuli: kwa ndugu mnaoishi Kentucky, Tennessee, Missouri na majirani zao

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 pale Bowling Green, Kentucky, simu zililia tahadhari ya tonado watu tumeshalala. Kuna mama mmoja wa Uvira, Kongo, tunasali naye, yeye alisikia ule mlio akajua ni alamu ya kijana wake wa shifti ya usiku, akabonyeza pembeni ikanyamaza, akavuta shuka. Meseji yenyewe ilikuwa Kiingereza, na miwani iko sebuleni. Saa saba na robo hivi tonado ikapita. Yeye na wanae walipona, nyumba ikaezuliwa upande mmoja, ila mjini humo humo kuna familia zilikwisha usiku ule, wazazi na watoto, na baadhi walikuwa wahamiaji kama sisi, maana Bowling Green ni mji wa wakimbizi toka zamani, Wabosnia walikuja miaka ya 90, baadaye Waburma, baadaye Wakongo na wengine wetu. Watu 17 walikufa kwenye kaunti ile moja.

Naandika hii kwa sababu kila ikifika Machi naona kwenye magrupu ya WhatsApp wageni wanauliza hivi hicho king'ora kinacholia ni cha nini, na majibu mengine wanayopewa yanaweza kuua mtu.

Kwanza hili neno kimbunga, ambalo wengi wanalitumia kutafsiri tonado, linatuchanganya. Sisi kimbunga tunachokijua ni cha baharini, kama Hidaya ya Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania walikitangaza mapema, wavuvi wakaambiwa wasitoke, mtu ana muda wa kwenda sokoni na kurudi. Tonado haina jina na haisubiri mtu. Inazaliwa kwenye wingu la radi, hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico inakutana na hewa baridi na kavu huko juu, halafu upepo unabadilika kasi na uelekeo kadiri unavyopanda, wingu zima linaanza kuzunguka, na likizunguka vya kutosha linaweza kuteremsha mkia chini. Na kile kisulisuli cha uwanja wa shule ya msingi tulichokuwa tunakikimbia, kile wazee walichosema kina shetani ndani, kinabeba vumbi na mifuko ya nailoni. Tonado inabeba malori.

Na usikubali anayekwambia msimu ni Aprili na Mei tu. Ile ya kwetu ilikuwa Desemba, siku nzima joto la ajabu, watu tunatembea bila koti tunashukuru Mungu.

Tonado kubwa ya usiku ule wala haikuwa ya kwetu, ni ile iliyopiga Mayfield huko magharibi zaidi. Ilitembea kilomita kama 266, upepo wake ukakadiriwa kufika kilomita 306 kwa saa, daraja la EF4 kwenye kipimo cha ukali wa tonado kinachoishia EF5, ya kwetu ilikuwa EF3. Hiyo moja peke yake iliondoka na watu 57. Dawson Springs, mji mdogo anakotoka baba yake gavana wa Kentucky, Andy Beshear, mitaa mingine ilibaki misingi tu. Picha ya familia ya mwaka 1942 kutoka huko ilikutwa asubuhi imenasa kwenye kioo cha gari la mtu New Albany, Indiana, zaidi ya kilomita 200. Hiyo picha nitairudia tukifika kwenye karatasi.

Sasa simu. Itakuletea maneno mawili yanayofanana ukiwa na usingizi. Tornado Watch maana yake hali ya hewa inaruhusu, inaweza kutokea, chaji simu, usiende mbali. Tornado Warning maana yake imeshaonekana, kwa rada au kwa macho, ingia unakojificha sasa hivi, usitoke nje kurekodi video. Wazee nawaelezaga hivi, Watch ni fisi wanasikika porini, Warning ni fisi yuko zizini. Wakishalishika hilo hawasahau. Kutoka Warning mpaka upepo wenyewe unaweza kupata dakika kumi hivi, siku nyingine tano, siku nyingine hupati kitu. Na kama una ndugu Louisville na wewe uko Bowling Green kumbukeni Kentucky ina kanda mbili za saa, akikusomea tangazo la kwao usianze kuhesabu kwa saa ya ukutani kwako.

Tangazo hilo linakuja kwa Kiingereza, na Kihispania kwa aliyeseti simu yake hivyo. Ukiseti simu kwa Kiswahili haitafsiri chochote, utaletewa Kiingereza tu. Kwa hiyo sisi kanisani tulifanya kitu rahisi, kila mzee asiyesoma Kiingereza ana mtu wake mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake ni kupiga simu, sio kutuma voisi, kupiga mpaka ipokelewe. Usiku unaotabiriwa mbaya simu haiwekwi sailenti, na usizime zile alati za dharura kwenye setingi eti zinakera. Nunua na ile redio ya NOAA, mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani, zipo za dola 30 au 40, unaweka namba ya kaunti yako, ina betri, inalia hata mtandao ukikata. King'ora cha mtaani usikitegemee, kile kimewekwa kwa ajili ya watu walio nje, ukiwa ndani na feni inazunguka unaweza usikisikie. Tarehe 16 Mei 2025 tonado ilipiga St. Louis mchana kweupe na ving'ora vya mji havikulia, kosa la watu waliotakiwa kuviwasha. Mchana kweupe!

Pa kujificha ni chini kabisa na katikati kabisa. Kama una basementi shuka. Kama huna, chumba kidogo cha ndani kisicho na dirisha, bafu au kabati la nguo au chini ya ngazi, mko chini mmejikunja, godoro juu, na watoto wavae helmeti za baiskeli, usicheke, majeraha ya kichwa ndo yanaua. Madirisha usifungue, ile hadithi kwamba nyumba inapasuka kwa presha sio kweli, unapoteza tu muda karibu na vioo. Ukikaa ghorofa ya tatu ya apatimenti, tafuta jirani wa chini mapema, mpelekee sambusa, mwambie siku ya tonado nitagonga kwako. Anayekaa kwenye nyumba ya trela asikae humo hata dakika moja, atoke wakati bado ni Watch. Ukiwa kwenye gari usijifiche chini ya daraja la haiwei, upepo pale unabanwa unazidi nguvu.

Halafu viatu. Hili hakuna anayetuambia kwa sababu Wamarekani wenyewe wanaingia na viatu mpaka kitandani. Sisi viatu tunaacha mlangoni, na mlango unaweza kuondoka wa kwanza. Asubuhi ile niliona watu wazima wamesimama kwenye matope, misumari na vioo, soksi tupu, Desemba, baridi imesharudi, hawawezi kupiga hatua kwenda kumtafuta jirani. Weka pea moja ya kila mtu huko huko bafuni.

Kwa wa shifti za usiku, na najua ni wengi, uliza siku ya kwanza kazini tunajificha wapi, uoneshwe kwa miguu, sio kwa karatasi ya kusaini. Kiwanda cha mishumaa cha Mayfield kilianguka kikiwa na watu zaidi ya 100 ndani, tisa wakafa, na baadaye wafanyakazi walikwenda mahakamani wakisema waliambiwa atakayeondoka atapoteza kazi, kampuni ikakanusha. Usiku huo huo ghala la Amazon la Edwardsville, Illinois, liliua watu sita, na sehemu iliyotengwa ya kujificha ilikuwa kaskazini wakati waliokufa walikuwa upande wa kusini. Ghala ni kubwa, taa zikizima hujui kaskazini iko wapi.

Upepo ukishapita, ukisikia harufu ya gesi, ondoka uende nje, usiwashe hata kiberiti. Nyaya zilizoanguka zote zihesabu zina umeme. Na nawaomba sana, umeme ukikata siku tatu usiingize jiko la mkaa ndani, wala ile grili, wala jenereta kwenye gareji, moshi ule hauna harufu ya kukuamsha na unaondoka na familia nzima.

Kabla hujafagia, piga picha. Najua tabia zetu, mgeni anakuja kutoa pole hatakuta nyumba chafu, yule mama wa Uvira nilimkuta asubuhi ameshafagia sebule nzima na vioo vyote viko kwenye mifuko myeusi nje, na ushahidi wa bima umeenda na mifuko. Picha kila chumba, kila pembe, namba za siriali za TV na friji, halafu ndo usafi, na risiti zote tunza hata ya hoteli na turubai.

Bima ya mwenye nyumba inalipa jengo lake, sio kochi lako. Bima ya mpangaji sehemu nyingi haizidi dola 20 kwa mwezi na mara nyingi inalipa na hoteli wakati huna pa kukaa. Gari nalo, kama umekata ile ya chini kabisa ya laiabiliti, inayolipa hasara ya wengine tu, mti ukiangukia Corolla yako hulipwi kitu, inatakiwa ile ya komprihensivu. Tulikuwa na vijana wanne yaliyowakuta hayo na Corolla zao.

Sasa karatasi, na ndo hapa watu wetu wanateseka miezi. Kama picha ya 1942 iliruka kilomita 200, green card yako, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, itakwama wapi? Skani kila kitu leo, pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), kadi ya kazi, kadi ya Social Security, vyeti vya watoto, jitumie kwenye imeili yako. Originali ziwe kwenye bahasha moja ya plastiki unayoingia nayo bafuni. Zikipotea, fomu ya green card ni I-90, ya I-94 ni I-102, ya kibali cha kazi ni I-765, na kwa pasipoti ya nyumbani anza na ripoti ya polisi. Na ukihamia kwa shemeji yako hata kwa muda, kama sio raia unatakiwa kuwapa USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10, fomu AR-11, iko onlaini na ni bure. Wengi hawajui hii.

FEMA, shirika la serikali la kusaidia kwenye majanga, wanakuja pale tu rais akishatangaza janga na kaunti yako ikaingizwa kwenye msaada wa mtu mmoja mmoja. Namba ni 1-800-621-3362, ukipokelewa sema "Swahili" watakutafutia mkalimani, subiri, usikate. Hela ile sio mkopo. Anapata raia, mwenye green card, mkimbizi, aliyepewa asylum (hifadhi). Mwenye visa ya mwanafunzi au ya kazi yeye mwenyewe hapati, ila kama mtoto wake kazaliwa Marekani na ana namba ya Social anaweza kumwombea mtoto. Kama karatasi zako hazijakaa vizuri, ongea kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajaza chochote. Vituo vya Msalaba Mwekundu hawaulizi uhamiaji, kule nenda tu ukalale.

Nilikaa wiki mbili kwenye ukumbi wa waathirika natafsiri, na barua za FEMA za kukataliwa nilizosoma nyingi zilikuwa za ujinga tu. Jina. Kwenye kadi jina la babu limekuwa la ukoo, kwenye mkataba wa nyumba limekuwa la kati, kwenye bili ya umeme herufi moja imeruka, mashine inasema mtu huyu hatumjui. Au nyumba moja familia mbili, shemeji kaomba kwanza, wa pili anaambiwa anwani hii imeshalipwa, kumbe kila familia inajitegemea na inabidi ueleze. Na wale waliotoka kambini wote wamezaliwa tarehe 1 Januari, baba, mama na mjomba, ofisa anatazama anadhani amedanganywa. Barua ya kukataliwa sio mwisho wa safari, mara nyingi inasema tu leta karatasi hii, una siku 60 za kukata rufaa, andika barua fupi, ambatanisha, baki na kopi. Ukiwa na stempu za chakula (SNAP, msaada wa serikali wa chakula) na chakula cha friji kimeoza, ripoti ndani ya siku 10 waulize kurudishiwa.

Mtu akija anasema yeye ni mkaguzi wa FEMA anataka dola 50 ya fomu, mfukuze, mkaguzi wa kweli hatozi na ana kitambulisho. Mafundi wa paa wanaotokea kesho yake na piki-apu wanataka nusu ya hela mbele, hao nao. Jirani yangu alitoa dola 2,000, fundi akaacha ngazi ikiegemea ukuta, ngazi ndo tumebaki nayo mpaka leo.

Michango yetu bwana ilisaidia kuliko vyote wiki ya kwanza, ila wekeni majina mawili kwenye akaunti, na orodha isomwe wazi kwenye grupu, nani katoa nani kapewa, maneno yasije yakaanza. Na nyumbani watumie meseji fupi mapema, tuko salama, maana simu za kawaida zinajaa na Mama akiona TV kabla hajakusikia wewe mtaanza kuuguza presha mabara mawili.

Yule mama wa Uvira sasa ana helmeti tano zimening'inia bafuni juu ya sinki na viatu vimepangwa pembeni ya beseni, miwani ya akiba iko kwenye kikombe cha mswaki. Wageni wakiingia kunawa wanatoka wanamuuliza kama kafungua duka.