Namna ya Kuandika Wasifu wa Kazi wa Mkuu wa Majeshi Aliyetokea Jeshi la Anga

Kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, aliniletea kurasa tatu alizokuwa ameandika kuhusu marehemu Jenerali Francis Omondi Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, akaniomba nizipitie kabla hajazisoma mbele ya wenzake. Ukurasa wa kwanza ulihusu uteuzi wake, wa pili ajali ya helikopta, na wa tatu mazishi. Miaka yote iliyotangulia uteuzi ilikuwa imepewa sentensi moja: baada ya kulitumikia jeshi kwa muda mrefu, alipanda ngazi hadi juu. Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini alichokiandika kilikuwa tanzia ndefu, wala si wasifu wa kazi. Yafuatayo ni yale niliyomweleza siku ile, na nimeyaandika kwa ajili ya yeyote wa mwambao huu wa ziwa atakayetaka kuandika habari za afisa wa namna hiyo.

Anza na kaunta buku, usianze na sentensi. Tenga mstari mmoja kwa kila mwaka wa utumishi, kisha jaza kwanza tarehe ambazo huna shaka nazo. Kwa Ogolla, mstari wa kwanza ni 1984, kwa kuwa aliingia jeshini tarehe 24 Aprili mwaka huo. Wa pili ni 1985, alipotunukiwa kamisheni, yaani idhini ya kuwa afisa, ya cheo cha Luteni Usu tarehe 6 Mei na kupangiwa Jeshi la Anga. Ukishuka sana utafika 2018, alipoteuliwa Kamanda wa Jeshi la Anga akiwa Meja Jenerali. Baadaye akawa Naibu Mkuu wa Majeshi akiwa Luteni Jenerali. Tarehe 28 Aprili 2023 akateuliwa Mkuu wa Majeshi, na tarehe 18 Aprili 2024 akafariki. Sasa piga hesabu. Kutoka kamisheni hadi ukamanda wa Jeshi la Anga ni miaka 33. Kiti cha juu kabisa alikikalia mwaka mmoja kasoro siku kumi, na alipofariki zilikuwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 jeshini. Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kukugawia kurasa. Mwandishi anayetumia theluthi mbili za maandishi yake kueleza mwaka mmoja kati ya arobaini amewaachia wasomaji cheo bila mwenye cheo.

Baada ya hapo nenda kwenye mistari ya katikati, ambayo ndiyo migumu na ndiyo yenye mali. Afisa wa anga hupitia hatua ambazo mwenzake wa nchi kavu hazipitii, na kila hatua inahitaji kitenzi chake. Ogolla alifunzwa urubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Anga la Marekani, kisha akawa rubani mkufunzi katika jeshi la kwao. Usiandike tu kwamba "alikuwa mkufunzi". Eleza kazi yenyewe: mkufunzi hukaa ndege moja na mwanafunzi, humwachia usukani huku mikono yake ikiwa tayari kuurudisha, na ndiye anayeamua kama mwanafunzi huyo yuko tayari kuruka peke yake. Mtu aliyeamua jambo hilo mara nyingi akiwa bado kijana amejifunza aina ya uongozi isiyofundishwa kwenye gwaride.

Kisha zinakuja kambi. Ogolla aliongoza kambi ya anga ya Laikipia, iliyoko Nanyuki, ambako ndipo nyumbani kwa ndege za kivita za Kenya aina ya F-5, na pia Kambi ya Anga ya Moi, Eastleigh, jijini Nairobi. Hapa waandishi wengi hutaja majina ya kambi kama anayesoma vituo vya daladala, halafu wakapita. Simama. Mkuu wa kambi ndipo anapoanza kuachana na usukani: asubuhi yake sasa ni mafuta, vipuri, njia ya kurukia, ulinzi wa uzio, nyumba za askari na shule za watoto wao. Saa za kuruka hupungua kadiri cheo kinavyopanda, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari kubwa ya kazi ya rubani yeyote anayeishia kuwa jenerali, kwamba kupanda kwake kunamtoa angani. Ukiweza kuonyesha mwaka ambao mizani iligeuka, wasifu wako umesimama.

Vyuo navyo viandikwe kwa sababu yake, si kwa kupamba. Ogolla alisoma katika chuo cha kijeshi cha École Militaire mjini Paris na katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kenya. Alipata diploma ya Chuo Kikuu cha Egerton, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi alisoma siasa na migogoro ya kivita, kisha uhusiano wa kimataifa. Msomaji aelezwe kwamba katika vyuo vya aina hiyo rubani hulazimika kuwaza mambo ya askari wa miguu na ya wanamaji, na bila kuvuka daraja hilo hawezi kukabidhiwa majeshi yote matatu.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni hali ya jeshi lenyewe siku kijana alipofunguliwa lango lake. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga la Kenya, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali wakashindwa, na Ochuka akakimbilia huku kwetu Tanzania kwa ndege, kabla ya kurudishwa Kenya na kunyongwa mwaka 1987. Jeshi lile lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina la Jeshi la Anga la 82, na halikurudishiwa jina lake la zamani hadi 1994. Ogolla aliingia mwaka 1984, kwa hiyo miaka yake kumi ya mwanzo aliitumikia katika jeshi lililonyang'anywa jina. Andika hivyo, na uishie hapo. Usimwekee mawazo kichwani wala usiseme aliona uchungu au fahari, maana tarehe mbili zikiwekwa sambamba zinatosha kumfanya msomaji aone uzito wake.

Hapohapo pana mtego. Baada ya jaribio hilo, aliyekabidhiwa Jeshi la Anga alikuwa Mahamoud Mohamed, ambaye mwaka 1986 akawa mkuu wa majeshi yote. Anayesoma haraka atamwita afisa wa anga wa kwanza kufika juu, kumbe alikuwa afisa wa nchi kavu aliyepelekwa kulinyoosha jeshi lililoasi. Afisa wa anga aliyemtangulia Ogolla katika kiti hicho ni Jenerali Julius Karangi, aliyekalia kuanzia 2011 hadi 2015. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno "wa kwanza", fuatilia kamisheni ilitolewa katika jeshi gani. Usitosheke na jeshi aliloliongoza mtu.

Maneno nayo yana hila zake. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais. Mkuu wa Majeshi ni afisa mwenye magwanda, na kuwachanganya hao wawili ni kosa ambalo msikilizaji aliyewahi kupita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hatakusamehe. Naibu Mkuu wa Majeshi wa Kenya asiitwe Mnadhimu Mkuu kwa sababu tu sisi tunaye Mnadhimu Mkuu. Wakenya husema Jeshi la Wanahewa pale tunaposema Jeshi la Anga; chagua moja na ushike hilo hadi mwisho. Vyeo vya anga vya Kenya na Tanzania vina majina yaleyale ya nchi kavu, lakini Uingereza na Nigeria zina vyeo vya umarshali wa anga, na mtu wa huko usimgeuze jenerali kwa kutaka urahisi. Tena usidhani kila afisa wa anga ni rubani: Richard Knighton, aliyeshika ukuu wa majeshi ya Uingereza mwaka 2025, ni mhandisi.

Kama huna uzoefu wa kupima ushahidi, jizoeze kwa jambo lililo karibu. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilitumwa kupiga ghala la mafuta hapa Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama na kumjeruhi mfanyakazi. Tafuta wazee watatu, mmoja mmoja, uwaulize wanakumbuka nini. Salimia, kaa, mwache mzee amalize ndipo uulize la pili. Utarudi na simulizi tatu, na kazi ya kuzilinganisha itakufundisha kwa nini tarehe ya kamisheni inahitaji kuonekana mahali pawili kabla haijaingia kwenye kaunta buku.

Mambo yenye ubishi yasikwepwe, ila yapewe mwenyewe. Katika kesi ya uchaguzi wa urais wa 2022, Ogolla alitajwa kwenye viapo vilivyopelekwa Mahakama ya Juu kuwa miongoni mwa maafisa waliofika Bomas, Nairobi, ambako kura za urais zilikuwa zikijumlishwa, kuzungumza na tume ya uchaguzi kabla ya matokeo kutangazwa, na Rais William Ruto mwenyewe alilizungumzia jambo hilo hadharani baada ya kumteua. Andika nani alisema, wapi na lini. Hukumu si kazi ya mwandishi wa wasifu.

Kifo kiandikwe kwa ufupi. Helikopta iliyokuwa na watu 12 ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka, ikaua watu kumi, Ogolla akiwamo. Angalia saa: taarifa za Kiingereza zilipoandika 2:20 mchana, kwetu ni saa nane na dakika ishirini, na nimeona zaidi ya mara moja ikiandikwa saa mbili. Alizikwa Ng'iya, Siaya, tarehe 21 Aprili, bila jeneza, kama alivyousia.

Yule kijana wa Kirumba alirudi baada ya wiki tatu. Mistari kumi na tisa ya kaunta buku lake ilikuwa bado mitupu, na kila mmoja alikuwa ameuwekea alama ya penseli badala ya kuujaza kwa kubuni. Laikipia na Eastleigh zilikuwa na ukurasa mzima, ajali ilikuwa na mistari sita, na ile sentensi ya kupanda ngazi haikuwamo.