Karata nzuri, nafasi mbaya: jinsi ya kumchezea mtu wa mikwara kwenye poka

Kila meza ya poka ina bingwa wake wa mikwara. Yetu ya Jumamosi inaye. Anapandisha dau karibu kila raundi, na ukigonga meza tu (yaani ukipita bila kuweka dau), vidole vyake vimeshafika kwenye chipsi (za plastiki, si za mayai). Ukipangiwa kuamua baada yake, umepata riziki. Tabu inaanza pale unapopata karata nzuri halafu wewe ndiye unayetakiwa kusema kwanza kila mzunguko. Nimepoteza chipsi nyingi hapo. Mara nyingine nilitupa karata zilizokuwa zinaongoza, na mara nyingi zaidi nilimtimua mapema mtu aliyekuwa tayari kunilipa.

Nitatumia raundi moja ya Texas Hold'em niliyoicheza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ni poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano za pamoja zinafunuliwa mezani: tatu kwa mpigo (flopu), kisha ya nne, kisha ya tano. Dau dogo la lazima ni 500, kubwa ni 1,000 (wachezaji wawili wanayaweka kabla ya kuona karata, nao wanaitwa kwa majina hayohayo), na sisi wawili tulikuwa na 100,000 kila mmoja.

Hatua ya 1: Mjue ni mkali wa aina gani

Kazi hii ifanye kabla hujapata karata za maana. Angalia mambo mawili: akigongewa meza anaweka dau mara ngapi, na karata zikifunuliwa mwishoni alikuwa na nini. Kuna anayefyatua kwenye flopu halafu karata ya nne ikija anatulia. Huyo mfuate mara moja (lipa dau lake bila kupandisha), kisha akitulia chukua poti, chipsi zote za katikati, wewe. Na kuna anayefyatua mara tatu mfululizo, awe na kitu au asiwe nacho. Maelezo yanayofuata ni ya huyu wa pili. Ukimchanganya na mzee makini ambaye leo tu karata zimemkubali, utalia.

Hatua ya 2: Pandisha kuliko kawaida

Jamaa alikuwa kwenye batani (kiti kinachoamua mwisho flopu ikishafunuliwa), akafungua kwa 2,500. Mimi nilikuwa dau dogo na ree ya shupaza na mfalme wa pau. Ningekuwa naamua baada yake, 7,500 ingetosha. Hapa niliweka 11,000. Anayeamua mwisho anakuona umefanya nini kabla hajafanya chake, na faida hiyo lazima ailipie mapema. Halafu poti ikishakuwa kubwa, maamuzi ya kuumiza kichwa yaliyobaki yanapungua, na mwenye nafasi mbaya ndiye anayehitaji yapungue.

Dau kubwa alitupa, jamaa akafuata. Poti 23,000, kila mmoja kabakiza 89,000.

Tahadhari moja: hesabu hizi ni za watu wenye 100,000. Mngekuwa na 250,000 kila mmoja, jozi moja, hata iwe nzuri vipi, si ya kuingizia zote kirahisi.

Hatua ya 3: Flopu, dau jepesi

Zikaja mfalme wa kopa, nane ya pau, tatu ya uru. Niliweka 8,000, kama theluthi ya poti. Flopu hii ni kavu: hakuna karata mbili za aina moja, na mfululizo (karata tano zinazofuatana) uko mbali. Hakuna haja ya kumtisha mtu. Dau jepesi linamruhusu abaki na takataka zake, na kwake linaonekana kama woga. Alifuata bila kufikiri. Poti 39,000, tumebakiza 81,000.

Hatua ya 4: Gonga meza, na usipandishe

Karata ya nne: mbili ya kopa. Nikagonga meza. Akaweka 26,000 palepale.

Hapa ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote. Damu inachemka, una wafalme wawili na ree pembeni, unataka kumwonyesha kwamba leo amekutana na mwanaume. Unamwaga zote. Sasa jiulize nani atakufuata. Mwenye mkwara mtupu anatupa, na hasara yake inaishia palepale. Mwenye mfalme na ghulamu anaanza kushtuka. Mwenye jozi ya nane au ya tatu mkononi, ambaye na ya mezani amefikisha tatu za namba moja, anafurahi kama mtoto wa Idi. Kwa kupandisha umewafukuza uliokuwa unawafunga, ukabaki na waliokufunga.

Kwa hiyo fuata tu. Poti 91,000, kila mmoja ana 55,000. Kufuata kwa namna hii kunachosha moyo, nakiri, maana kila karata inayokuja unaiogopa. Vumilia.

Kuna flopu ambazo uvumilivu huu ni ujinga. Tuseme uko dau kubwa na jozi ya tisa, na flopu ni malkia wa kopa, tisa ya pau, nane ya kopa. Una karata tatu za tisa, lakini mwenye kopa mbili mkononi ana karata tisa za kumkamilishia kopa tano, na kutoka flopu mpaka karata ya mwisho anafika kama mara 35 kwa 100. Mwenye ghulamu na kumi keshapata mfululizo tayari, na hata huyo unaweza kumpiku karata za mezani zikitoa jozi (tatu za namba moja pamoja na jozi zinaushinda mfululizo). Hapa gonga meza, mwache aweke dau lake, kisha mpandishie mara tatu hadi nne ya alichoweka. Mwenye kusubiri kopa atafuata, na atafuata kwa bei yako.

Watu wengi wanaikumbuka fainali ya World Series of Poker (mashindano maarufu ya poka) ya 1988, Johnny Chan na Erik Seidel. Chan alipata mfululizo kwenye flopu akajifanya mnyonge, mpaka Seidel, mwenye jozi ya malkia, akamwaga zote kwenye karata ya tano. Utamu wa mchezo ule umewapoteza wengi, maana wanautega mtego uleule kwenye meza iliyojaa kopa.

Hatua ya 5: Karata ya tano, hesabu kabla ya hisia

Ikaja saba ya shupaza. Nikagonga. Akasukuma zote, 55,000.

Poti sasa ni 146,000, na mimi natakiwa kutoa 55,000. Yaani nikifuata, jumla itakuwa 201,000, na 55,000 ni kama asilimia 27 yake. Nikiwa sahihi zaidi ya mara 27 kwa 100, kufuata kunalipa.

Zinazonifunga: jozi ya nane, ya tatu, ya mbili au ya saba mkononi mwake. Kila jozi inaweza kupatikana kwa namna 3, jumla 12, ongeza chache za jozi mbili kama mfalme na nane. Ree mbili nimezitoa, maana kwa alivyo angenipandishia tena mapema. Ninazozifunga: mfalme na malkia, namna 8, mfalme na ghulamu, namna 8. Hapo sijagusa kopa zote zilizokwama wala mikwara ya hewani, ambayo ndiyo mkate wake wa kila siku.

Hesabu hii ifanye kimya na kwa kasi ileile unayotumia siku zote. Ukikaa dakika mbili halafu ukatupa, umemfundisha kwamba risasi ya tatu inafanya kazi, na Jumamosi ijayo itakuja nyingine.

Nilifuata. Alifunua mfalme na ghulamu, akainama kutazama ree yangu, akacheka.

Wiki tatu baadaye nilikuwa tena dau dogo na ree na mfalme, flopu karibu ileile, madau yaleyale. Nikafuata mpaka mwisho. Akafunua jozi ya tatu. Nikanunua chipsi nyingine 100,000, nikahamia kiti cha kushoto kwake, ambako naamua baada yake, kilipoachwa wazi.